Simba wa Uasin Gishu na Kamera ya Bwana Akeley

Karibu na mwaka 1910, mji wa Eldoret ulipokuwa haujapewa jina lake, Mmarekani Bwana Carl Akeley alipiga kambi katika uwanda wa Uasin Gishu. Alifuatana na mashujaa wa Kinandi, akitaka kupiga picha za senema za namna wanavyomwua simba kwa mikuki.

Kazi hiyo ilimshinda. Kamera ya siku zile ilikuwa nzito, tena kuigeuza kulikuwa kwa taratibu sana. Wanandi walikuwa wepesi, na simba vilevile. Kabla kamera haijaelekezwa, simba alikuwa amekwisha kufa.

Akeley alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa, zipate sura ya uhai na kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Aliporudi kwao hakumlaumu simba wala wenye mikuki, bali alibuni kamera mpya. Ilikuwa ya mviringo, na mpiga picha aliweza kuigeuza juu na chini, kulia na kushoto, kwa ulaini, akimfuata mnyama mbioni. Alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1915. Jeshi la Marekani liliitumia katika Vita Kuu ya Kwanza. Naye Robert Flaherty aliichukua mpaka nchi ya barafu, akapiga senema ya Nanook of the North, iliyoonyeshwa mwaka 1922.

Mwaka 1921 Akeley alikwenda nayo katika milima ya Virunga, Kongo, akawapiga picha za senema gorila wa mlimani wakiwa porini, jambo ambalo halijapata kufanywa. Alikuwa amekwenda kuwaua wengine kwa ajili ya makumbusho; lakini alipowatazama kwa karibu, moyo wake uligeuka, akaomba walindwe. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji aliitenga nchi hiyo kuwa mbuga ya taifa, ya kwanza katika Afrika. Akeley alirudi huko, akafa mwaka 1926, akazikwa katika mlima Mikeno.

Wazee husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kamera iliyoshindwa Uasin Gishu ilizaa nyingine iliyo bora, na waliomfundisha Akeley upungufu wa ile ya kwanza ni wapiga mikuki wa Kinandi.