KIJANA, NANI ATAKULISHA KESHO?

Kijana mpendwa, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, hata kama umekaa stendi unasubiri gari.

Nina swali moja kwako. Kesho utakula nini, na nani atakupa? Wengi wenu hapa Geita, Nyarugusu, Kahama mpaka vijiji vya Shinyanga mnajibu haraka: "Nitazama duarani." Sawa, kazi si dhambi. Lakini duara halina huruma! Unachimba wiki, mwezi, miezi mitatu, unakula kwa mkopo. Mawe yakishapita karasha na kuoshwa mwaloni, hakuna kitu. Limebaki deni. Hapo ndipo shetani anakuja na ushauri wake.

Rafiki anakunong'oneza: "Dhahabu ina wenyewe, mwenzangu. Nenda kwa mtaalamu." Mganga anapiga ramli. Leo anataka kuku mweusi, kesho mbuzi, na mwisho anataka DAMU YA MTU. Usifikiri natunga hadithi. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wengi wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo huku Kanda ya Ziwa, kwa uongo kwamba viungo vyao vinavuta dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu waliopatikana na hatia ya kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino. Mtoto wa watu, ambaye naye alihitaji uji wake kesho yake asubuhi!

Unasema wewe huwezi kufika huko. Ni kweli, hakuna anayeanzia huko. Watu wanaanzia kwenye hofu ya kesho.

Sasa sikia Mungu alivyofanya. Wana wa Israeli walipotoka Misri walikuwa jangwani, hakuna shamba, hakuna duka. Mungu akawapa mana kila asubuhi, pishi moja kwa kila mtu. Aliyeficha ya kesho aliikuta imeoza, ina mabuu (soma Kutoka sura ya 16). Je, bibi yako anayekausha michembe anatenda dhambi? Hapana! Yusufu naye aliweka nafaka ghalani miaka saba. Kosa la wale halikuwa kuweka akiba. Mungu aliwaambia ataleta tena kesho, wao wakamwona mwongo.

Tena angalia, mana haikuingia mdomoni yenyewe. Waliamka mapema, wakainama, wakaokota. Kwa hiyo usiniambie umeokoka halafu unashinda kijiweni ukingoja muujiza.

Wapo wahubiri watakaokuambia toa sadaka leo, kesho duara litatema. Mimi sikuambii hivyo, maana Yesu hakusema hivyo. Alitufundisha tuombe mkate wa leo, basi. Mtume Paulo alimtumikia Mungu kwa moyo wote, na bado anaandika kwamba alijua kushiba na alijua kuona njaa (Wafilipi 4). Lakini hakuachwa: ndugu wa Filipi walimtumia mahitaji akiwa kifungoni. Mara nyingi Mungu analisha hivyo, kwa mkono wa mtu. Mama jirani anakuita ule ugali, nawe ukidhani ni bahati tu.

Na siku ukipata? Lipa deni, nunua gunia la mahindi, mtumie mama nyumbani. Usiimalizie baa usiku mmoja halafu umlaumu Mungu asubuhi.

Jambo la mwisho. Kule Efeso watu walipomwamini Yesu walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19). Wangeweza kuuza, wakapata mtaji. Hawakuuza.

Kama uko tayari, omba nami hapo ulipo: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimetafuta riziki kwa njia za giza. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Kuanzia leo wewe ndiye Bwana wangu, na kesho yangu naiweka mkononi mwako. Amina."

Umeomba? Basi hiyo hirizi iliyo kiunoni usimpe mwenzako wala usiifukie. Ilete mbele jioni hii mkutanoni, tuichome pamoja.