Isiolo na Nairobi: Njia ya Ndege na Njia ya Gari

Ukimwuliza mtu wa Isiolo Nairobi ni mbali kadiri gani, aghalabu hujibu kwa saa: ukiondoka alfajiri, adhuhuri umefika. Jibu hilo lafaa, lakini halikuambii umbali. Mwenye mgonjwa, au mwenye ng'ombe wa kuuza, yampasa kuyajua yote mawili.

Chukua ramani ya Kenya ambayo sentimeta moja yake ni kilometa 10. Weka rula toka Isiolo mpaka Nairobi. Utapata sentimeta 20 hivi, yaani kilometa 200. Hiyo ndiyo njia ya ndege. Sasa chukua uzi, uulaze juu ya barabara ya Timau, Nanyuki, Karatina na Thika, ukiupinda kila inapopinda. Uzi huo utakaribia sentimeta 27 au 28. Kilometa hizo sabini na zaidi zimetoka wapi? Tazama rula ilipopita: imeukata Mlima Kenya wenyewe, wenye kimo cha meta 5,199! Ndege ndogo huukwepa kwa kupinda kidogo tu, bali gari halina budi kuuzunguka.

Ili kupata saa, gawanya umbali kwa mwendo. Ndege iendayo kilometa 300 kwa saa humaliza kilometa 200 kwa dakika 40. Gari lenye wastani wa kilometa 55 litatumia saa 5. Wala usidhani wastani huo ni mdogo. Isiolo iko kwenye kimo cha meta 1,100 hivi, na kabla ya kufika Timau barabara imepanda kupita meta 2,000. Lori lililojaa ng'ombe hukwea pale kwa taabu.

Lakini dakika 40 si safari nzima. Ongeza kufika uwanjani mapema, kungoja, kupakia mizigo, na msongamano wa magari ya Nairobi baada ya kushuka. Ikiwa jumla ni saa 3, ndege imekuokolea saa 2 tu, na ni juu yako kupima kama zalingana na nauli. Kwa mgonjwa mahututi hesabu ni nyingine. Ndiyo sababu huduma ya madaktari warukao, iliyoanzishwa mwaka 1957, ikawa na ndege zake katika uwanja wa Wilson. Isiolo nayo ilifunguliwa uwanja wake mpya mwaka 2017.

Tena, saa zaweza kupungua na umbali ukabaki ule ule. Toka Isiolo hadi Moyale ni zaidi ya kilometa 500 kwa barabara. Zamani za ukoloni, msafiri wa kwenda kaskazini alizuiwa kwenye kizuizi cha Isiolo mpaka aonyeshe ruhusa, na muda huo nao ulikuwa sehemu ya safari. Hata baadaye, kabla ya lami, lori liliweza kuwa njiani siku mbili au tatu, na mvua ikinyesha zaidi ya hapo. Lami ilipokamilika, basi likaweza kwenda kwa siku moja. Mchuuzi wa ng'ombe aliyekuwa akihesabu maji na majani ya siku tatu, sasa huhesabu ya siku moja.

Pima mwenyewe Isiolo na Moyale katika ramani ile ile. Rula itakupa karibu sentimeta 39. Uzi utapita 50.