Somo la Vikundi: Kupiga Kambi Kitulo



Vijana wetu wameuliza mara nyingi kama parishi yaweza kuwapeleka kambini kwa siku mbili tatu, mahali penye vilima, mabonde na maji. Wazazi nao wameuliza swali lao: je, watarudi salama? Maswali haya mawili ni ya haki, nayo yafaa kujibiwa pamoja. Ndiyo maana somo la mara hii limeandikwa kwa vijana na wazazi wao. Lisomeni katika vikundi, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Mahali tulipopachagua ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.

1. Mahali penyewe

Wengi wetu tulilijua jina la Kitulo kwanza kwa sababu ya shamba la ng'ombe wa maziwa. Lakini tangu mwaka 2005 sehemu kubwa ya uwanda ule ni hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilometa za mraba 413 hivi. Iko kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Uwanda wake uko juu kiasi cha meta 2,600, na mlima Mtorwi unafika meta 2,961.

Si mbuga ya tembo na simba kama Ruaha. Hifadhi hii iliwekwa hasa kwa ajili ya mimea. Pana aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni za okidi ziotazo ardhini. Wenyeji wa huko wamepaita Bustani ya Mungu, na mtu aliyepaona wakati wa mvua haulizi kwa nini. Katika msitu wa Livingstone, ulio sehemu ya hifadhi, yuko pia kipunji, tumbili ambaye wataalamu hawakumjua hata mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi.

Kati ya vilima vya majani mna mabonde yenye vinamasi. Sisi wa Mufindi twavifahamu kwa sababu tuna vinyungu vyetu. Tofauti ni kwamba vile vya Kitulo havikulimwa. Vinashika maji ya mvua kama sifongo, kisha vinayaachia kidogo kidogo katika vijito viingiavyo Mto Ruaha Mkuu.

2. Wakati wa kwenda

Hapa hatuna budi kuchagua, kwa maana hatuwezi kupata kila kitu.

Maua huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili, na huwa mengi sana kati ya Desemba na Februari. Ndiyo majira ya mvua: njia ni tope, ukungu hushuka ghafla, na nguo hazikauki. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na njia ni nzuri, lakini maua ni machache, na usiku umande huganda ukawa mweupe juu ya majani.

Twapendekeza wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, shule zikiisha kufungwa na kabla shughuli za Krismasi hazijaanza. Tutayaona maua, nasi tutalowa. Mzazi asiyetaka mtoto wake alowe na aseme mapema.

3. Njia na ruhusa

Twafuata barabara kuu kupita Makambako na Igawa mpaka Chimala, kwenye joto la Usangu. Hapo twaacha lami na kupanda mlima kuelekea Matamba kwa ile barabara iitwayo Hamsini na Saba, kwa ajili ya hesabu ya kona zake. Kuna njia nyingine ya kupitia Njombe na Makete, na nyingine itokayo Mbeya kwa Isyonje.

Sheria yetu iwe moja: gari lisianze kupanda kona zile baada ya saa tisa alasiri. Kama tumechelewa, tutalala Chimala. Dereva awe amewahi kuendesha katika milima, naye asilazimishwe na mtu yeyote, hata kiongozi wa safari.

Ofisi ya hifadhi iandikiwe mapema. Tuulize ada ya kuingia, ada ya kambi, namna ya kulipa, mahali pa kupiga hema, na kama moto unaruhusiwa. Tuombe pia askari wa kutuongoza katika matembezi. Kila kijana alete barua ya mzazi, ikitaja ugonjwa alio nao, kama pumu au kifafa, na dawa anazotumia. Kwa kila vijana wanane wawepo watu wazima wawili. Na kama wapo wasichana, sharti wawepo akina mama.

4. Baridi

Mtu wa Mafinga hujivuna kwamba ameizoea baridi. Mji wetu uko karibu meta 1,900 juu ya bahari. Lakini kwa kila meta 1,000 mtu anazopanda, hewa hupoa kwa digrii sita hivi. Basi Kitulo ina baridi kuliko kwetu kwa digrii nne au zaidi, na upepo wa uwandani hauna miti ya kuuzuia kama misitu yetu ya misindano.

Naandika haya kwa kuwa niliwahi kukosa. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na kundi la vijana katika nyanda hizo za juu. Tulifika jioni, mvua ikinyesha, tukapiga mahema bondeni kwa kuwa palionekana pana kinga ya upepo. Usiku maji yakapanda chini ya turubai. Kijana mmoja alikuwa amelala na sweta lililolowa, naye hakusema kitu kwa sababu aliona haya. Kabla ya alfajiri mwenzake akaniamsha, akaniambia, "Mwalimu, huyu anaongea kama mlevi." Nilimkuta hatetemeki tena, nami kwa ujinga wangu nikadhani amepata nafuu. Mama mmoja aliyekuwa nasi ndiye aliyeelewa. Alimvua zile nguo, akamfunika kwa mablanketi makavu, akawalaza vijana wawili ubavuni mwake, mmoja huku na mmoja huku. Jua lilipotoka kijana akaomba chai. Sijasahau saa zile.

Basi jifunzeni dalili hizi. Kwanza mtu hutetemeka sana. Kisha vidole havifungi kifungo, anajikwaa, maneno yanamkwama. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na amechanganyikiwa, hiyo ni hatari kubwa, wala si nafuu. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni pamoja na kichwa, mpeni joto la mwili wa mwenzake. Kama yu macho na anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, msimweke karibu sana na moto, wala msimpe ulanzi au pombe yoyote. Pombe huufanya mwili upoteze joto upesi zaidi. Kisha apelekwe kwa mganga bila kungoja.

Kila mtu achukue: mablanketi mawili mazito au mfuko wa kulalia, sweta mbili, kofia ya sufu, soksi jozi tatu, koti la mvua, viatu vya mpira, tochi, na turubai au mkeka wa kutandika chini. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, wala zisivaliwe mchana kwa sababu yoyote.

5. Kinamasi

Hewa ya baridi ni nzito, nayo usiku huteremka na kukaa mabondeni. Kwa hiyo hema lipigwe juu kidogo ya bonde, mahali penye mteremko mdogo, ambapo kambi imeruhusiwa. Mlango usielekee upepo. Vigingi vikazwe kabla ya kula, si baada.

Katika matembezi tufuate njia na nyayo za kiongozi. Majani mabichi yaliyo sawa kama zulia huenda yamefunika maji ya kufika magotini. Kila mtu awe na fimbo ya kupimia. Ukungu ukishuka, wote wasimame, wahesabiwe, wangoje, asiwepo wa kutangulia "kuangalia njia." Msitegemee simu, maana milima huzuia mawasiliano.

Kama hakuna choo kambini, shimo lichimbwe kwa ruhusa, hatua mia moja kutoka kwenye kijito. Vyombo visioshwe mtoni. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana maangavu.

6. Chakula

Tuchukue mfano wa watu 20 kwa usiku mbili, Ijumaa hadi Jumapili. Milo ya moto ni mitatu. Kilo moja ya unga hutosha watu wanne. Basi ugali wa milo miwili ni kilo 10. Mchele wa mlo mmoja, kilo 4. Asubuhi ni uji, na Jumamosi mchana ni mkate na mayai yaliyochemshwa nyumbani.

Wapishi wanaopenda maharage wasikilize. Huko juu maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha, karibu digrii 91 badala ya 100. Maharage yatakaa jikoni nusu ya siku na bado yatakuwa magumu. Chukueni dagaa, njugu zilizotwangwa, na mboga zinazoiva upesi. Tupikie jiko la gesi au la mafuta ya taa, tusikate kuni. Moto ukiruka kwenye majani makavu hauna wa kuuzima.

7. Tusichukue kitu

Okidi za Kitulo zina viazi vidogo chini ya ardhi. Kwa miaka mingi watu wamevichimba na kuviuza Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga na kuwa chakula kiitwacho chikanda. Ukikichukua kiazi, ua limekufa. Biashara hiyo ilipozidi, ikawa sababu mojawapo ya kuiweka hifadhi.

Labda kijana atasema, ua moja tu kwa ajili ya mama. Na afuate maji kwa mawazo. Kijito anachokivuka kinakwenda Ruaha Mkuu, kinanywesha mpunga wa Usangu, kinaingia Ihefu, kinapita katika Hifadhi ya Ruaha, kinafika Mtera na Kidatu kuzalisha umeme unaowaka nyumbani kwa mama huyo. Tangu miaka ya 1990 mto ule umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha. Sababu ni nyingi, na kubwa ni matumizi ya maji huko Usangu. Lakini asijidanganye mtu kwamba chanzo hakimhusu. Takataka zetu zote zirudi Mafinga pamoja nasi.

Jumapili asubuhi tutasali pamoja kilimani, kisha tutang'oa mahema na kupita mahali pote tulipolala tukiokota hata kijiti cha kiberiti.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini yule kijana hakusema kwamba amelowa? Sisi tufanye nini ili asiyejiweza asione haya kusema?
2. Tukifika Chimala saa kumi, na wengi wanataka kuendelea, nani mwenye neno la mwisho? Amueni leo, msingoje siku ile.
3. Kijana ambaye nyumbani kwao hakuna mablanketi mawili ya ziada ataendaje? Andikeni majina ya watakaoazima.
4. Vinyungu vyetu hapa Mufindi vina hali gani? Maji yake yanakwenda wapi?

Majibu ya swali la pili na la tatu yaletwe kwa katibu wa vijana kabla tarehe ya safari haijapangwa. Bila majibu hayo, hatuendi.