Upasuaji wa Kupunguza Matiti: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuamua

Titi la mwanamke limejengwa kwa tezi zitoazo maziwa, mafuta, nyuzi za kuliunga na ngozi ya kulifunika. Tezi zimepangwa katika mafungu yapatayo 15 hadi 20, na maziwa hufika kwenye chuchu kwa njia ya vifereji. Ukubwa wa titi hutegemea urithi, homoni, unene wa mwili na uzazi. Si kipimo cha wingi wa maziwa, kwa kuwa tofauti kubwa kati ya mwanamke na mwanamke hutokana na mafuta.

Kwa wanawake walio wengi ukubwa huo si tatizo. Lakini wapo ambao matiti yao ni mazito kupita kadiri mwili unavyoweza kuyabeba kwa raha. Wengine hupatwa na hali hiyo wakati wa kubalehe, matiti yakikua upesi katika miezi michache. Msichana wa namna hiyo huweza kuacha netiboli, kuinamisha mabega darasani na kujitenga na wenzake. Kwake upasuaji ni tiba wala si pambo. Hata hivyo, kilichokwisha kukatwa hakirudishwi. Ndiyo maana yapasa uamuzi utanguliwe na maarifa.

Mzigo na uti wa mgongo

Sababu ya maumivu yaweza kuelezwa kwa kanuni ya wenzo. Tuchukue mfano wa matiti mawili yenye kilo 1 kila moja. Uzito wake ni nyutoni 20 hivi. Ikiwa kitovu cha uzito huo kiko sentimita 20 mbele ya uti wa mgongo, momenti yake ni 20 × 20, yaani nyutoni-sentimita 400. Misuli ya mgongo inayozuia mwili usiiname mbele iko karibu sana na egemeo, tuseme sentimita 5. Basi lazima ivute kwa kani ya nyutoni 80. Hivyo pingili hubeba nyutoni 20 za mzigo pamoja na 80 za misuli, jumla 100: mara tano ya uzito wenyewe. Gramu 500 zikiondolewa kila upande, jumla hiyo hushuka hadi 50.

Mikanda ya sidiria nayo hukandamiza mabega na kuacha mifuo. Mkanda mpana hutawanya kani juu ya eneo kubwa zaidi, na hivyo kanieneo hupungua. Chini ya matiti, joto na jasho huleta vipele na ukurutu. Kwa hiyo hatua za kwanza ni nyepesi: sidiria ya kipimo sahihi, mazoezi ya kuimarisha misuli, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, na kutibu ngozi. Hatua hizi zisipotosha, upasuaji hufikiriwa.

Upasuaji unavyofanyika

Mgonjwa hupewa nusukaputi, na kazi huchukua saa 2 hadi 4 hivi. Mpasuaji huondoa sehemu ya tezi, mafuta na ngozi, kisha hupandisha chuchu mahali pake papya. Ugumu mkubwa ni kuihifadhi chuchu ikiwa hai. Mwaka 1922 Max Thorek wa Chicago alieleza njia ya kuikata kabisa na kuipandikiza upya. Njia hiyo hutumika hata leo kwa matiti makubwa mno. Lakini kwa kawaida chuchu huachwa juu ya kikonyo cha nyama chenye mishipa ya damu na ya fahamu, mfano wa tunda lisilotenganishwa na tawi. Mwaka 1956 Robert Wise wa Marekani alitoa kielelezo cha kuchora mkato wa ngozi kabla ya kupasua, na mpango wake ungali ukifuatwa.

Mambo ya kupima

Kwanza, umri. Ni heri kungoja mpaka matiti yakome kukua, mara nyingi miaka 18 au zaidi. Yakipunguzwa mapema huweza kukua tena na kudai upasuaji wa pili.

Pili, kunyonyesha. Mtoto anyonyapo, neva za chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, nao huamuru homoni za kutengeneza na kusukuma maziwa. Upasuaji huweza kukata neva hizo pamoja na vifereji. Wengi hunyonyesha baadaye, lakini wengine hupata maziwa pungufu. Chuchu ikipandikizwa upya, kunyonyesha kwa kawaida hakuwezekani. Tena mimba huweza kubadili umbo lililopatikana.

Tatu, makovu. Hayaepukiki, mara nyingi huizunguka chuchu, hushuka chini na kupita katika kunjo la titi. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Aliyewahi kuipata, au ambaye nduguze wanayo, amweleze daktari.

Nne, tumbaku. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kaboni monoksaidi hushika himoglobini badala ya oksijeni. Jeraha huchelewa kupona na chuchu huweza kufa. Mvutaji aache angalau majuma 4 kabla na baada ya upasuaji.

Tano, hatari nyinginezo: kuvuja damu, maambukizo, ganzi ya chuchu na matiti kutolingana. Kisukari na unene mwingi huzidisha hatari hizo.

Sita, uchunguzi. Uvimbe wowote uchunguzwe kwanza, na nyama iliyotolewa ipimwe maabara, kwani mara chache saratani isiyojulikana hugunduliwa humo.

Mwisho, mapumziko. Kazi nyepesi huanza baada ya majuma 2 hadi 3. Kubeba ndoo au mtoto mzito hungoja majuma 4 hadi 6. Asiye na msaidizi nyumbani ampate kwanza.

Waliochaguliwa vema hupata nafuu kubwa ya maumivu, na walio wengi huridhika. Lakini mwenye kuamua ni mwanamke mwenyewe, akishauriwa na mpasuaji aliyefunzwa kazi hiyo, wala si kwa dhihaka za wenzake au shauri la mchumba.

Maswali

1. Kokotoa kani ya misuli iwapo kila titi lina kilo 1.5 na vipimo vingine havikubadilika.
2. Kwa nini mkanda mpana wa sidiria huumiza kidogo kuliko mwembamba?
3. Eleza jinsi kukatwa kwa neva kunavyoweza kupunguza maziwa ingawa tezi zimebaki.