Dondoo muhimu: Kulinda gesi ya kigunduzi cha chembe

Kwenye kigunduzi cha gesi kiitwacho TPC, cha jaribio la ALICE, huko CERN karibu na Geneva, gesi hujaza takriban mita za ujazo 90, na oksijeni kidogo tu ikipenya humeza elektroni kabla hazijafika zinakosomwa.

1. Pima oksijeni na unyevu kwenye bomba la kutokea pia. Wengi hupima gesi inayoingia tu, kumbe uvujaji uko mbele zaidi.
2. Andika joto na shinikizo la hewa kila unaposoma kipimo; vikibadilika, gesi safi huonekana kama imeharibika.
3. Epuka mipira ya silikoni: hupitisha unyevu.
4. Hakiki kipimaji kwa gesi ya viwango vinavyojulikana.
5. Badilisha mtungi wa gesi kabla haujaisha.