Sauti ni ya Ndugu Yako, Lakini Anayeongea ni Mashine

Saa tatu usiku. Umeshakula, vyombo vinakungoja kwenye karai na wewe unajifanya huvioni. Simu inalia. Nambari ngeni.

"Aki ni mimi! Nimeanguka na boda, simu yangu imevunjika, natumia ya mtu. Wanataka elfu kumi na mbili ndio nishonwe. Tuma kwa hii nambari, haraka!"

Sauti ni ya mdogo wako. Si kwamba inafanana na yake: ni yake kabisa, hadi ule mkwaruzo wa kooni anaokuwa nao akiwa na mafua. Mkono wako tayari uko kwenye menyu ya kutuma pesa.

Wakati huo huo, mdogo wako amelala kwake, anakoroma. Hana jeraha hata la kuchomwa na chai.

Mambo kama haya tulizoea kuyaona kwenye filamu za mwaka 2090, zile za magari yanayopaa. Magari bado hayajapaa, na Thika Road ni shahidi. Lakini mashine ya kuiga sauti imeshafika. Leo tujifunze inavyofanya kazi, na kwa nini haiwezi kukuibia usipoisaidia.

Mashine iliyoongea kabla ya umeme kufika

Mwaka 1791, fundi mmoja wa Hungaria aitwaye Wolfgang von Kempelen alichapisha kitabu kuhusu mashine yake ya kuongea. Ilikuwa na mivukuto kama ya mhunzi badala ya mapafu, na mdomo uliofinywa kwa mkono. Iliweza kutamka maneno kadhaa, kwa sauti ya mtoto mwenye pua iliyoziba.

Lakini Kempelen alikuwa amejulikana zamani kwa mashine nyingine, iliyocheza sataranji na kuwashinda watu wakubwa. Siri yake? Ndani ya sanduku alijificha mtu. Kwa hiyo sauti ya mashine na ujanja wa "kuna mtu nyuma ya hii kitu" vilitoka karakana moja. Usisahau hapo, tutarudi.

Mwaka 1939, kwenye maonyesho makubwa ya New York, maabara ya Bell ilionyesha mashine ya umeme iliyoongea, Voder. Ilichezwa kwa vidole kama kinanda, na wachezaji walihitaji karibu mwaka mzima wa mafunzo. Fikiria tapeli wa siku hizo: asome mwaka mzima ndio aweze kusema "nimekutumia pesa kwa makosa". Wengi wangeona afadhali kazi ya halali.

Sauti yako inatoka wapi?

Kooni una nyuzi mbili za sauti. Hewa ikipita, hutikisika: kwa mwanamume mzima takriban mara 120 kwa sekunde, kwa mwanamke takriban mara 200. Mlio huo ukiwa peke yake ni kama wa nyuki tu. Kinachoufanya uwe wako ni chumba unamopitia: umbo la koo, mdomo, meno na pua. Puliza mdomo wa chupa ndogo ya soda, kisha upulize ya lita mbili. Pumzi ni ile ile, mlio ni tofauti. Wewe ni chupa yako, mimi ni yangu.

Kompyuta inafanya nini basi? Inasikilizishwa watu wengi mno mpaka inajua jinsi chupa za binadamu zinavyotofautiana. Mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza programu waliyoiita VALL-E. Ilifunzwa kwa saa 60,000 za watu wakiongea Kiingereza. Ukikaa kusikiliza saa hizo mchana na usiku bila kulala, utamaliza baada ya karibu miaka saba, na bado hutaweza kumwigiza shangazi yako.

Baada ya masomo hayo, programu ilihitaji sekunde 3 tu za sauti ya mtu mgeni ili iseme maneno ambayo mtu huyo hajawahi kuyasema. Sekunde tatu! Ni "Halo? Halo? Nani mwenzangu?" Ile video ya harusi uliyoweka, ukitoa hotuba dakika nne huku keki ikiyeyuka, hiyo kwa mashine ni karamu.

Sikio lako ni karimu mno

Sikio la kijana husikia mitikisiko kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida, kwa miaka mingi, imebeba kipande tu cha katikati: kuanzia takriban 300 hadi 3,400. Sasa piga hesabu. Nyuzi za baba yako zinatikisika mara 120, na 120 iko chini ya 300. Maana yake ile besi nzito ya baba inayosema "hizo pesa za fees zilienda wapi?" haikupita kwenye simu kabisa.

Lakini uliisikia, hata ukasimama wima. Ni ubongo wako uliyoijazia. Mlio wa 120 huandamana na wenzake wa juu, kama 360, 480 na 600. Hao walipita, na ubongo ukaona wamepangana kwa hatua za 120, ukakisia aliyebaki nje. Ni kama kumwona jirani dirishani kuanzia kiunoni kwenda juu. Huulizi kama ana miguu.

Mitandao mipya inabeba kipande kikubwa zaidi, lakini tabia ya ubongo ni ile ile: hujaza mapengo. Kwa hiyo sauti bandia si lazima iwe kamili. Simu inakata kasoro zake nyingi, makelele ya matatu yanafunika nyingine, na ubongo wako, kwa upendo, unamalizia kazi.

Ndio maana hatutakuambia "sikiliza kwa makini". Sikio si askari mzuri wa kulinda pesa.

Walioamini masikio, kisha macho

Mwaka 2019, mkuu wa kampuni moja ya nishati Uingereza alipigiwa simu na bosi wake wa Ujerumani. Lafudhi ilikuwa ile ile. Akatuma euro 220,000 kama alivyoagizwa. Haikuwa bosi. Alishtuka pale "bosi" alipopiga tena kuomba malipo mengine, safari hii kwa nambari ya Austria.

Mwaka 2024 ikajulikana kuwa mfanyakazi wa kampuni moja huko Hong Kong aliingia mkutano wa video na wakubwa wake. Aliwaona na kuwasikia. Akatuma dola za Hong Kong milioni 200, zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Wale wakubwa wote kwenye skrini walikuwa bandia.

Angalia kitu kimoja. Katika visa vyote viwili mashine haikugusa pesa hata senti. Aliyetuma ni mtu, kwa mkono wake. Na nyuma ya mashine alikuwepo mtu, kama kwenye lile sanduku la sataranji.

Fanya hivi

1. Kata simu, kisha upige wewe. Tumia nambari uliyoihifadhi siku zote, si ile iliyokupigia. Usiamini jina lililotokea kwenye skrini pia, maana linaweza kughushiwa. Akiwa mteja, pigia mtu anayeishi naye. Kama kweli ameumia, dakika mbili za kuhakikisha hazitamuua. Tapeli ndiye anayeogopa dakika mbili.

2. Uliza swali la nyumbani. Mashine imeiba mlio, haijaiba kumbukumbu. Muulize, "Krismasi ile kuku alitoroka na kamba, alipatikana kwa nani?" Afadhali zaidi, muwe na neno la siri la familia, kama "mandazi ya Jumanne". Msitumie jina la shule wala siku ya kuzaliwa, hayo yako Facebook. Na mwambieni nyanya ana kwa ana, si kwenye grupu la WhatsApp lenye yule mtu ambaye kila mmoja anadhani ni jamaa wa mwingine.

3. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Ukiambiwa ni pesa za hospitali na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama. Omba paybill ya hospitali, kisha upigie hospitali yenyewe.

4. Ukiwa umeshatuma, usione haya. Piga huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa hazijatolewa kwa wakala. Hifadhi ujumbe wa muamala na uripoti polisi upate nambari ya OB.

Na PIN? PIN haisemwi kwa simu. Hatutakuuliza PIN yako leo, kesho wala mwaka 2090, hata sauti ikiwa ya mkurugenzi wetu akilia.

Jipime

*Mama anakupigia kwa nambari yake mwenyewe, sauti ni yake, anataka elfu tano sasa hivi, na hataki umwambie baba. Unafanya nini?*
Kata, umpigie. Akipokea mama wa kweli, muulize neno la siri. Kama ni yeye, tuma, na hiyo siri ya baba muimalize wenyewe.

*Aliyepiga anasema, "Usikate, nikikosa hewa utajuta." Unakata?*
Unakata. Anayekukataza kuhakikisha ameshakupa jibu.

*Sauti inayosikika safi bila kasoro ni ya kweli?*
Hapana. Na iliyokwaruza si lazima iwe bandia. Huenda ni mtandao tu.

Kazi ya nyumbani ni moja: kabla hujalala leo, pigia mtu mmoja ambaye sauti yake inaweza kukufanya utume pesa bila kuuliza. Panga naye siku ya kuonana, mchague neno lenu. Halafu rudi kwenye karai. Kuosha vyombo, kwa bahati mbaya, hakuna mashine iliyotangazwa kuja kwako.