Misuli ya Pumzi na Namna ya Kuitia Nguvu

Mtu apandapo mlima na kuanza kuhema, husema kwamba mapafu yake yamechoka. Usemi huo umezoeleka, lakini si sahihi. Mapafu hayana msuli wa kuyatanua, wala hayawezi kujijaza hewa yenyewe. Kinachochoka ni misuli iliyoyazunguka. Na misuli hiyo, kama misuli mingine ya mwili, huweza kuzoezwa na kuongezewa nguvu.

Jinsi pumzi ivutwavyo

Aliyepata kumtazama mhunzi kazini atalielewa jambo hili upesi. Mfuko wa mivuo haujijazi wenyewe. Mkono wa mvukutaji huutanua, ndipo hewa iingiapo. Kifuani ni vivyo hivyo. Chini ya mapafu pana msuli mpana uitwao kiwambo. Msuli huo umewambwa kati ya kifua na tumbo mfano wa ngozi ya ngoma, ila umeinuka katikati kama kuba. Mtu avutapo pumzi, kiwambo hujikaza na kushuka, na wakati huo huo misuli iliyo kati ya mbavu huziinua mbavu na kuzisogeza nje. Kifua hupanuka, mapafu hufuata, na hewa huingia. Katika kutoa pumzi, mtu aliyetulia hana haja ya kutumia nguvu: misuli hulegea, na mapafu hunywea.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 katika dakika moja, na kila mara huingiza kiasi cha nusu lita ya hewa. Kwa siku moja hesabu hiyo hupita mara 17,000. Mkimbiaji hodari awapo mbioni huweza kupitisha zaidi ya lita 100 kila dakika.

Funzo la mwaka 1952

Thamani ya misuli hii ilionekana wazi mwaka 1952 mjini Copenhagen, Denmark, ulipozuka ugonjwa wa polio. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya pumzi, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Mwezi wa Agosti daktari Bjørn Ibsen alishauri kwamba mgonjwa atobolewe tundu kooni, atiwe mpira wa kupitishia hewa, na hewa isukumwe kwa mfuko uminywao kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, kwa muda wa miezi, wakiminya mifuko hiyo. Watu wengi ambao wangalikufa waliokoka. Hivyo kazi aifanyayo mtu mwenye afya pasipo hata kuifikiri ilihitaji mikono ya mamia ya watu.

Kwa nini miguu huwa mizito

Misuli ya pumzi huhitaji damu yake. Katika mazoezi makali kabisa, mchezaji aliyezoezwa vema huweza kutumia asilimia 10 hadi 15 ya oksijeni yake yote kwa kazi ya pumzi peke yake. Misuli hiyo ianzapo kuchoka, mishipa ya fahamu huiamuru mishipa ya damu ya miguuni ijibane, na miguu hupungukiwa. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza majaribio waliyoyafanya kwa waendesha baiskeli. Mashine ilipowasaidia kuvuta pumzi, damu iliyokwenda miguuni iliongezeka. Pumzi ilipofanywa ngumu, damu hiyo ilipungua. Basi mkimbiaji aonaye miguu yake imekuwa mizito huenda chanzo kimoja cha taabu yake kiko kifuani.

Namna ya kufanya mazoezi

Hamali hapati nguvu kwa kubeba magunia matupu. Vivyo hivyo, kuvuta pumzi za kawaida hakuongezi nguvu nyingi. Lazima pawe na uzito wa kushindana nao. Kwa ajili hiyo hutumiwa kifaa kidogo cha mdomoni chenye kilango cha springi, ambacho hufunguka pale tu mtu avutapo kwa nguvu ya kutosha. Utaratibu wake ni huu:

1. Mtu aketi wima au asimame, mabega yakiwa yamelegea.
2. Atoe pumzi polepole mpaka hewa nyingi iwe imetoka.
3. Avute kwa nguvu na kwa haraka, tumbo na mbavu zikitanuka. Mabega yasipande.
4. Aachie pumzi itoke taratibu bila kuisukuma.
5. Arudie mara 30. Akiona kizunguzungu, apumzike kwanza.

Wanamichezo wengi hufanya hivyo asubuhi na jioni. Nguvu ya misuli huanza kuonekana baada ya majuma 4 hadi 6.

Faida yake haiwahusu wanamichezo tu. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitangaza majaribio yaliyofanywa kwa watu 36 wenye umri wa miaka 50 hadi 79. Wale waliovuta pumzi 30 kwa uzito mkubwa kila siku, siku 6 kwa juma, kwa majuma 6, walipungukiwa na shinikizo la damu, kipimo chake cha juu kikishuka kwa wastani wa pointi 9. Kazi hiyo iliwachukua dakika chache tu kwa siku. Kwa mzee ambaye magoti yake hayamruhusu kutembea mbali, hilo si jambo dogo.

Maonyo

Mazoezi haya hayakuzi mapafu, wala hayachukui nafasi ya dawa au ya kutembea na kukimbia. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake. Aliyepata kutobokwa na pafu, aliyepasuliwa kifua karibuni, au mwenye ngoma ya sikio iliyopasuka, asianze kabla ya kumwona daktari. Kifaa kioshwe, na kila mtu awe na chake.

Aliyekwisha kupata nguvu hana haja ya kuendelea kila siku. Mara 2 au 3 kwa juma zatosha kuihifadhi. Lakini aachaye kabisa atakuwa kama mkulima aliyeliacha shamba lake: haliharibiki kwa siku moja, ila magugu hurudi.